Programu za kubambikiwa kwenye simu iliyorutiwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na watu walioruti simu zao (yaani waliojipa mamlaka kamili juu ya mfumo wa simu), au walio mbioni kuruti, wakitaka kuachana na programu walizozikuta ndani ya simu siku waliyoinunua. Mifano mingi ni ya Tecno, Infinix na Samsung, maana ndizo zinazonipitia mikononi. Amri ziandike herufi kwa herufi kama zilivyo hapa.

Programu za kubambikiwa ni zipi hasa?

Ni zile zilizokuja na simu bila wewe kuziomba, na kitufe cha kuziondoa hakipo. Ziko za mtengenezaji mwenyewe: kwenye Tecno na Infinix utakuta duka la Palm Store, kivinjari cha Phoenix, Carlcare. Ziko za kampuni nyingine zilizoingia kwa makubaliano ya kibiashara, kama Facebook kwenye simu nyingi. Halafu ziko zisizo na ikoni kabisa, na hizo ndizo watu huzisahau. Ukiiondoa Facebook yenyewe, com.facebook.katana, mara nyingi nyuma yake zimebaki tatu: com.facebook.appmanager, com.facebook.services na com.facebook.system. Kazi yao ni kuisakinisha na kuisasisha ile kubwa.

Ukitaka kujua ukubwa wa familia nzima, fungua Termux (programu ya kuandikia amri simuni), andika su (amri ya kuomba mamlaka ya ruti), ruhusu, kisha:

`pm list packages -s | wc -l`

Usishtuke ukiona namba inapita 200. Nyingi kati ya hizo ni viungo halali vya mfumo, na ndiyo maana sipendi kusikia mtu akisema "nimefuta zote". (Pakeji ni programu kama mfumo unavyoitambua, kwa jina kama com.facebook.katana. Nitasema pakeji, sitasema kifurushi, maana kifurushi kwetu ni kile cha intaneti.)

Ni lazima niruti ndipo niziondoe?

Hapana, na ningeshukuru kama watu wangeuliza hili mapema. Kompyuta, waya wa USB na adb (programu ya kuipa simu amri kutoka kwenye kompyuta) vinatosha kwa kazi nyingi. Ukiwasha utatuzi wa USB kwenye chaguo za wasanidi, amri kama hii hufanya kazi bila ruti:

`adb shell pm uninstall --user 0 com.transsnet.store`

Ruti inakuongezea mambo machache. Unafanya kila kitu simuni bila kompyuta. Unaweza kuzima pakeji ambazo mtengenezaji amezilinda zisiguswe na adb. Unaweza kuzima kipande kimoja tu ndani ya programu, tuseme ile huduma inayoleta matangazo, na programu yenyewe ikaendelea kufanya kazi. Na unaweza kuificha programu ya mfumo isionekane kabisa simu inapowaka.

Gharama yake unaijua au utaijua. Kufungua butiloda, kile kipande kinachouwasha mfumo, kunafuta data yote. Kwenye Samsung kuna fyuzi ya Knox, mfumo wao wa usalama, ambayo ikishakatika inasomeka 0x1 na haiungwi tena, hata ukirudisha fimuwea (mfumo mzima wa simu) ya kiwandani. Folda Salama ndiyo kwaheri. Kama shida yako ni programu tano za kero, adb inakutosha. Rudi hapa ukiwa na sababu nyingine ya kuruti.

Nikizifuta nitapata nafasi zaidi?

Kwa kawaida hapana. Chukua mfano wa nyumba ya kupanga: mwenye nyumba ana ghala lake amelifunga kwa kufuli, wewe una chumba chako. Programu za kiwandani zimo ghalani, kwenye vigawanyo (sehemu za diski ya simu) vya system, product na vinginevyo. Picha na WhatsApp yako vimo chumbani, kwenye data. Ukitupa gunia lililokuwa ghalani, chumba chako hakiongezeki hata inchi moja.

Nafasi unayoweza kuiokoa ni ile ya masasisho. Programu ya kiwandani ikisasishwa, toleo jipya linakaa data, juu ya lile la ghalani. Kwa hiyo kabla ya lolote, ingia Mipangilio, fungua programu husika, ondoa masasisho yake, futa data yake. Hapo utaona namba ikisogea. Kama unataka kujua pakeji imekaa wapi:

`pm path com.transsion.phoenix`

Jibu likianza na /data/app, toleo linalotumika limo chumbani kwako. Likianza na /system au /product, limo ghalani.

Faida kubwa ya kuondoa programu hizi si nafasi. Ni bando lisiloliwa usiku, arifa zisizokuja na RAM kidogo ya kupumulia. Kwenye simu ya GB 2 za RAM tofauti utaihisi.

Kugandisha, kuondoa na kufuta: vinatofautiana vipi?

Watu huvichanganya, na hapo ndipo simu zinapokufa.

Kugandisha ni kuizima programu ikiwa palepale. Haiwaki, haionekani kwenye menyu, haili bando. Data yake inabaki.

`pm disable-user --user 0 com.transsnet.store`

Kuirudisha ni amri moja, au kitufe cha kuwasha ndani ya Mipangilio, ambacho hata mtoto anaweza kukibonyeza:

`pm enable com.transsnet.store`

Kuondoa kwa mtumiaji, yaani pm uninstall yenye `--user 0`, kunaifanya simu iamini kwamba mtumiaji mkuu hana programu hiyo. Faili lake bado limo ghalani. Ndiyo maana linarudi kwa amri hii, bila kupakua chochote:

`cmd package install-existing com.transsnet.store`

Kwenye baadhi ya simu kuna mtumiaji wa pili aliyejificha, kwa mfano 999 wa programu pacha kwenye Xiaomi. Ukishangaa mbona programu bado inatuma arifa, andika `pm list users` uone kama huyo yupo.

Kufuta ni kuliondoa faili lenyewe kwenye kigawanyo cha mfumo. Hapo hakuna amri ya kurudisha. Hata ukiirudisha simu katika hali ya kiwandani haitakuja, kwa sababu kurudisha kiwandani kunafagia data tu, hakurejeshi kilichotolewa system. Utahitaji fimuwea nzima.

Msimamo wangu: gandisha, ishi na simu wiki moja, pokea simu, tuma pesa, piga picha, washa na uzime. Kama hakuna kilichovunjika, ondoa kwa mtumiaji. Kufuta kabisa sijaona sababu yake tangu simu zianze kuja na Android 10.

Mbona nikitumia rm, amri ya kufuta faili, naambiwa "Read-only file system" ilhali nina ruti?

Kwa sababu ruti inakupa mamlaka, lakini hairekebishi jinsi diski ilivyojengwa. Zamani, enzi za Android 4 na 5, ulikuwa unafungua kigawanyo cha system kwa kuandika, unafuta, unafunga. Titanium Backup ilijipatia jina kwa kazi hiyo. Mambo yamebadilika kwa hatua.

Kwanza ulikuja ukaguzi wa dm-verity, ambao tangu Android 7 unasimamiwa kwa ukali: kila kipande cha system kinalinganishwa na alama yake, na kikiguswa simu inaweza kukataa kuwaka. Kisha Android 10 ikaleta vigawanyo vinavyokaa pamoja ndani ya kimoja kikubwa kiitwacho super, vikiwa vimebanwa bila nafasi ya ziada. Faili zinazofanana huchangia vipande vilevile vya diski, na kigawanyo cha namna hiyo hakikubali kufunguliwa kwa kuandika. Simu nyingine siku hizi zinatumia EROFS, mfumo wa faili ambao kwa maumbile yake ni wa kusoma tu. Humo hata mwenye ruti hana pa kuandika.

Dawa yake ni kutogusa diski. Magisk, programu ya kuruti iliyotolewa mara ya kwanza na John Wu mwaka 2016, inafunika faili wakati simu inawaka, bila kubadilisha kilicho chini. Unaweza kutengeneza mwenyewe moduli ndogo, yaani folda ya mabadiliko ambayo Magisk huipakia simu inapowaka. Tuseme pm path imekujibu /product/app/Takataka/Takataka.apk. Unatengeneza folda:

`/data/adb/modules/fagio/system/product/app/Takataka/`

ndani yake unaweka faili tupu liitwalo `.replace`, na kwenye folda ya fagio unaweka module.prop yenye id, name, version, versionCode, author na description. Washa upya. Folda ya Takataka inaonekana tupu, Android inaamini programu haipo. Ukijuta, zima moduli, washa upya, imerudi. KernelSU, njia nyingine ya kuruti, ina utaratibu wake tofauti, kwa hiyo usinakili moduli ya huku ukaipeleka kule kiholela.

Tangazo linajitokeza katikati ya skrini na silijui linatoka programu gani. Nifanyeje?

Swali ninalolipenda, kwa sababu jibu lake lina raha ya kumkamata mwizi akiwa bado dirishani. Usilifunge tangazo. Liache wazi, unganisha waya, na kwenye kompyuta andika:

`adb shell "dumpsys window | grep mCurrentFocus"`

Utapata mstari mmoja. Sehemu iliyo kabla ya alama ya mkwaju ndiyo jina la pakeji. Mara nyingi mshukiwa si yule uliyemdhania. Niliwahi kukaa na simu ya jirani aliyeapa kwamba ni kivinjari. Mstari ukataja programu ya tochi aliyoisakinisha mwenyewe. Sasa tochi nayo ilikuwa na kazi gani ya kuonyesha matangazo ya mikopo?

Zipi nisiguse kabisa?

Orodha haiishi, lakini hizi zimewaliza watu wengi.

com.android.systemui, com.android.settings, com.android.phone, na zote zinazoanza na com.android.providers. Hizo ni mifupa. Kisakinishi cha pakeji na kidhibiti cha ruhusa pia viache. WebView inaonekana kama mzigo, lakini programu nyingi huonyesha kurasa zao kupitia kwake. Ukiizima, zitaanza kuanguka moja baada ya nyingine na hutajua sababu.

Skrini ya mwanzo ya kiwandani usiiguse kabla hujasakinisha nyingine na kuifanya chaguo-msingi. Kibodi ina mtego zaidi. Kama unafungua simu kwa nenosiri la herufi, baada ya kuwasha upya kibodi nyingi za kupakua haziwezi kuanza mpaka ufungue simu, na huwezi kufungua simu bila kibodi. Ukishakwama hapo, azima kibodi ya USB na kiunganishi cha OTG. Wanaotumia PIN hawapati shida hii, kwa sababu vitufe vya namba ni vya skrini ya kufuli yenyewe.

Kwenye Xiaomi, com.xiaomi.finddevice inafahamika: ukiiondoa, simu inazunguka kwenye nembo bila kuwaka.

Na com.android.stk, yaani SIM Toolkit, programu ya menyu za laini. Hii imenifunza adabu. Shangazi yangu anaishi Mombasa. Alipokuja Dar nikaisafisha simu yake, nikaona SIM Toolkit, nikasema hii nani anaitumia siku hizi, nikaigandisha. Huku kwetu M-Pesa unapiga *150*00# na hiyo haipiti SIM Toolkit, inashughulikiwa na programu ya simu. Kumbe kwa mwenye laini ya Safaricom, menyu ya M-Pesa aliyoizoea miaka yote imo humohumo. Alipofika kwake akapiga: "Mwanangu, M-Pesa yangu umeipeleka wapi?" Binamu yangu akaingia Mipangilio, akabonyeza kuwasha, ikarudi. Ningekuwa nimeifuta, shangazi angekaa bila menyu yake mpaka nipande basi.

Naweza kuondoa huduma za Google zote?

Unaweza, ila jiulize utaishije. Bila com.google.android.gms, arifa za programu nyingi hazifiki kwa wakati, ramani za ndani ya programu hazifunguki, na baadhi ya programu hukataa hata kuanza. Kama hutaki Google, weka romu (mfumo mbadala wa Android) isiyo na Google tangu mwanzo. Kuing'oa kwenye fimuwea iliyojengwa juu yake ni kung'oa nguzo na kutumaini bati litabaki hewani.

Nimeharibu. Simu inazunguka kwenye nembo. Naanzia wapi?

Usikimbilie kuflashi, yaani kuandika upya fimuwea. Fuata hatua kwa upole.

Kama umetumia moduli ya Magisk, washa simu katika hali salama. Kwenye simu nyingi unashikilia kitufe cha kupunguza sauti nembo inapocheza. Magisk ikiitambua hali salama, inazima moduli zote. Washa tena kawaida. Kama kompyuta yako ilishaidhinishwa kwenye adb, unaweza pia kuandika:

`adb wait-for-device shell magisk --remove-modules`

Kama uligandisha kwa pm, jaribu adb wakati nembo inacheza. Mara nyingi inaitika, na `pm enable` inaokoa siku. Ndiyo sababu nasisitiza: washa utatuzi wa USB na uidhinishe kompyuta *kabla* ya kuanza kazi.

Ikishindikana, kurudisha kiwandani kutarejesha kila ulichogandisha au kuondoa kwa mtumiaji. Utapoteza data. Na hakikisha unakumbuka nenosiri la akaunti ya Google iliyokuwemo, la sivyo utakwama kwenye ukurasa wa uthibitisho.

Kama ulifuta faili za mfumo, hapo ndipo inakuja fimuwea, inayoandikwa kwa programu za kompyuta: Odin kwa Samsung, SP Flash Tool kwa simu za MediaTek, ambazo ni Tecno na Infinix nyingi. Kwenye SP Flash Tool chagua "Download Only". Ile "Format All + Download" inafagia hata sehemu yenye IMEI. Simu inawaka vizuri, inang'aa, lakini ukipiga *#06# IMEI si yake, na mtandao hakuna. Tanzania tunaijua thamani ya namba hiyo tangu Juni 2016, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipozima simu bandia nchi nzima. Hifadhi nakala ya sehemu ya nvram, ndiyo yenye IMEI, siku ileile unaporuti, uiweke nje ya simu.

Programu za benki na pesa za mkononi zitaendelea kufanya kazi?

Nyingine zitakataa. Zinaiuliza Google kama simu ni salama kupitia Play Integrity, na butiloda iliyofunguliwa peke yake inatosha kuifanya ijibu hapana. Kuna moduli za kuficha. Leo zinafanya kazi, kesho hazifanyi, na mimi pesa zangu siziweki kwenye mchezo huo. Menyu za namba, kama *150*00# au *334# ya Kenya, hazijali ruti.

Zikirudi baada ya sasisho la mfumo?

Hutokea, hasa mtengenezaji akibadilisha jina la pakeji au akileta mpya. Weka orodha yako kwenye faili la maandishi, uipitishe tena baada ya sasisho. Kama uligusa system yenyewe, sasisho la hewani lina uwezekano mkubwa wa kukataa kuingia, kwa sababu linakagua kigawanyo kabla ya kukibadilisha.

Kuna programu ya kunisaidia badala ya kuandika amri?

Universal Android Debloater, toleo la NG, kwa kompyuta: ina maelezo ya kila pakeji na imezipanga kwa kiwango cha hatari. Anza na zile za kiwango cha kupendekezwa, uishie hapo. Kwa simuni, App Manager ya chanzo huria inafanya kazi vizuri na ruti na inaweza kuzima kipande kimojakimoja. Zile apu za "futa zote kwa mguso mmoja" zinazosambazwa Telegram zinaomba su kisha zinafanya zijualo. Umeruti ili uondoe wageni usiowaalika, halafu unampa mgeni mwingine ufunguo wa nyumba nzima?

Na kama kilichobambikwa ni kirusi?

Kama ni programu, kigandishe kama nyingine. Novemba 2016 kampuni ya Kryptowire ilionyesha kwamba programu ya masasisho ya Adups, kwenye simu za BLU zilizouzwa Marekani, ilikuwa ikituma ujumbe wa watu kwenye seva China kila baada ya saa 72. Jina lake la pakeji lilikuwa com.adups.fota, ukiliona kwenye simu ya zamani, lizime. Triada ni habari nyingine. Dr.Web waliikuta mwaka 2017 kwenye simu za Leagoo na Nomu, ikiwa imefumwa ndani ya maktaba ya mfumo ambayo kila programu huipakia. Hapo hakuna pakeji ya kugandisha. Tafuta fimuwea safi, au achana na simu hiyo.

Simu ni ya mkopo. Naweza kuiruti niondoe kufuli la kampuni?

Hilo sisaidii. Mpaka umalize malipo simu si yako peke yako. Kama umeinunua mkononi mwa mtu na sasa inadai malipo, mtafute aliyekuuzia.

Nikimaliza kusafisha, naweza kuondoa ruti nikabaki na simu safi?

Ulichogandisha au kuondoa kwa pm kitabaki hivyo, kwa sababu kumbukumbu yake imo kwenye data. Ulichoficha kwa moduli kitarudi, kwa hiyo kigandishe kwa pm kwanza. Tumia Magisk yenyewe kurudisha boot (kigawanyo cha kuwashia ambacho Magisk hukibadilisha) ya awali. Butiloda iache wazi mpaka uwe na hakika kwamba kila kigawanyo ni cha kiwandani. Ukiifunga huku kimoja kimeguswa, simu haitawaka.